Mvulana Mweusi wa Marekani Akosa Nini Shuleni?

Kuna jambo ambalo wengi wetu huku pwani hatukupata kulisikia, ama tulilisikia likatupita. Kuanzia mwaka 1996, wavulana weusi kutoka mji wa Baltimore, huko Marekani, waliletwa kusoma hapa Kenya. Shule yao iliitwa Baraka, nayo ilikuwa Laikipia, upande wa Nanyuki. Gharama zililipwa na wakfu mmoja wa Baltimore uitwao Abell. Kila mwaka walichaguliwa wavulana wapatao 20, wa umri wa miaka 12 au 13, waliohofiwa kwamba wangepotea mitaani, wakaletwa kukaa miaka miwili mbali na wazee wao.

Yafaa tujiulize. Nchi tajiri kama Marekani, ambayo vyuo vyake vikuu vijana wetu wanavililia usiku na mchana, ilipungukiwa na nini hata ikawaleta watoto wake kusoma nyikani, mahali pasipo na televisheni wala umeme wa saa zote?

Wapo wanaokimbilia kusema kwamba mvulana mweusi wa huko ni mvivu, tena hana adabu. Mimi sikubaliani na maneno hayo. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitangaza hesabu za shule za chekechea za serikali. Watoto weusi walikuwa 18 katika kila watoto 100, lakini katika kila 100 waliofukuzwa kwa muda zaidi ya mara moja, wao walikuwa 48. Mtoto wa miaka minne ana uhuni gani? Ni dhahiri kwamba hukumu humfikia mtoto huyu kabla hajajua kushika kalamu.

Wala si jambo la leo. Malcolm X, ambaye Waislamu wengi humjua kwa jina la Al-Hajj Malik El-Shabazz, alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora wa darasa lake katika jimbo la Michigan. Mwenyewe alisimulia kwamba alipomwambia mwalimu wake angependa kuwa wakili, alijibiwa kwamba hiyo haikuwa kazi ya mtu mweusi, afadhali awe seremala. Useremala ni kazi ya heshima, nasi tuna mafundi wa milango wenye sifa duniani. Lakini mtoto aliambiwa hivyo kwa sababu ya rangi yake, na haukupita muda mrefu akaacha shule.

Kisha kuna jambo ambalo halitajwi sana. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha sheria. Uamuzi ulikuwa wa haki. Lakini ulipotekelezwa, shule nyingi za weusi zilifungwa na walimu wao wakaachishwa kazi. Inakisiwa kwamba kufikia mwaka 1965 walimu weusi wapatao 38,000 walikuwa wamepoteza kazi katika majimbo 17. Mtoto aliingia katika jengo zuri, lakini yule mwalimu aliyemjua yeye na mamaye akabaki nje. Hata sasa wanaume weusi hawatimii wawili katika kila walimu 100 wa shule za serikali.

Hasara yake imepimwa. Mwaka 2017 wataalamu waliochunguza kumbukumbu za wanafunzi wa jimbo la North Carolina walitoa matokeo yao. Mvulana mweusi wa nyumba maskini sana aliyepata mwalimu mweusi, hata mmoja tu, kati ya darasa la tatu na la tano, uwezekano wake wa kuacha sekondari ulipungua kwa asilimia 39. Mwalimu mmoja tu!

Wapo wanaouliza: je, kuwatengea wavulana weusi masomo yao si kurudisha ubaguzi kwa mlango wa nyuma? Swali hili si la kupuuzwa. Mwaka 1991 mji wa Detroit ulitaka kufungua shule za wavulana peke yao, moja ikiwa na jina la Malcolm X, lakini jaji alikataa wasichana wasiachwe nje. Nami naona jaji alikuwa na hoja, kwani binti naye ana haki ya kusoma.

Mji wa Oakland, California, ulipata njia nyingine. Tangu mwaka 2010 wavulana weusi walibaki katika shule zao za kawaida pamoja na wenzao, lakini wakapewa somo maalumu linalofundishwa na wanaume weusi. Humo walijifunza historia ya watu wao, kujiheshimu na kujiandaa kwa masomo ya juu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba idadi ya wavulana weusi walioacha shule ilipungua kwa asilimia 43.

Turudi Laikipia. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise ililipuliwa hapa Kikambala. Mwaka uliofuata Marekani iliwatahadharisha raia wake wasije Kenya, na shule ya Baraka ikafungwa. Wavulana waliokuwa wamemaliza mwaka mmoja tu walibaki Baltimore, katika mitaa ile ile waliyokuwa wameondolewa. Mkasa wao ulionyeshwa katika filamu ya mwaka 2005.

Kwa maoni yangu, Baraka ilithibitisha kwamba wavulana wale waliweza kusoma, maana vichwa walivyokuja navyo ni vile vile vya Baltimore. Lakini msaada uliokuwa mbali na kwao uliweza kukatwa kwa siku moja, ilhali mwalimu anayekaa mtaani kwao hahitaji ndege wala viza.

Nasi tuna wavulana wetu ambao tumekwisha kuwaita watundu. Mzee unayesoma haya, nenda skuli ya mwanao wiki hii, ukamwulize mwalimu wake: unatarajia nini kwa mtoto huyu? Akikosa jibu, usitoke hapo mpaka mlipate pamoja.