Msafiri huandika, mfanyabiashara mbona haandiki?

Ukipita kituo cha mabasi cha Nyabugogo asubuhi, hukosi kuwaona vijana wa kigeni, mmoja mmoja, shanta mgongoni, wakitafuta basi la Kampala au la Dar es Salaam. Wengine wao wameanzia India au Thailand, wakavuka hadi Ethiopia, na sasa wanateremka taratibu kuelekea Cape Town. Kinyarwanda hawakijui. Kiswahili chao kinaishia kwenye "jambo" na "asante". Lakini muulize mmoja nauli ya Kampala, atakutajia. Anajua viza ni dola ngapi, abadilishe pesa upande gani wa mpaka, na nyumba ya wageni ya bei nafuu iko mtaa gani. Na hajawahi kufika huku hata siku moja.

Sasa mfikirie binti wa Kimironko aliyesimama karibu naye. Anakwenda Kampala mara ya kwanza kununua viatu vya kuuza. Shangazi yake amefanya biashara hiyo hiyo miaka kumi. Binti amepewa namba ya simu ya dalali, dua na onyo la kuchunga pochi. Ushuru atakaotozwa akirudi haujui. Karatasi zipi ni za lazima na zipi ni za kubahatisha, hajui. Akiambiwa mpakani "lipa hiki", atalipa.

Kwa nini mgeni kutoka mbali ajue kuliko mtoto wa jirani?

Wengi watasema ni pasipoti. Ni kweli, pasipoti ya Ulaya inafungua milango mingi duniani ambayo yetu haifungui. Lakini katika njia hii wenye mlango mpana ni sisi. Tangu Januari 2014 raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wanavuka katika nchi hizi tatu kwa kitambulisho cha taifa. Mwaka huo huo ilianza viza ya pamoja ya watalii kwa nchi hizi tatu, na bei yake ni dola 100. Kijana wa shanta anailipa. Binti wa Kimironko hailipi.

Wengine watasema ni elimu au fedha. Wapo wasafiri wa shanta wanaolala sakafuni na kula chapati kavu mchana kutwa. Wanachotuzidi ni kitu kimoja: waliowatangulia waliandika, na wao wenyewe wakipita wanaandika kwa ajili ya watakaofuata. Mwaka 1973 Tony na Maureen Wheeler, mume na mke waliokuwa wamevuka Asia kwa gari bovu, mabasi na treni hadi Australia, walichapa kijitabu kidogo kueleza njia, bei na pa kulala. Kijitabu hicho ndicho kilichozaa Lonely Planet, vitabu vya safari ambavyo leo unaviona mikononi mwa wageni dunia nzima.

Wala tusidhani hili ni jambo la Wazungu. Mwaka 1325 kijana wa miaka 21, Ibn Battuta, alitoka Tangier, Morocco, peke yake, bila hata mwenzi wa njiani. Alizunguka Afrika na Asia karibu miaka 30, akafika India, Maldives na China. Mwaka 1331 alipita kwetu: Mogadishu, Mombasa, Kilwa. Soma alichosimulia kuhusu Mogadishu, utaona kwamba mfanyabiashara angeweza kukitumia kama mwongozo.

Anasema meli ikifika, vijana wa mji huja kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Akimkabidhi mfanyabiashara sahani ile, hutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Kuanzia hapo mgeni hulala kwa mwenyeji huyo, naye ndiye humuuzia bidhaa na kumnunulia. Mgeni aliyezoea mji na kujuana na watu yuko huru kulala apendapo. Na mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia mwenyeji wake akiwa hayupo, biashara hiyo haihesabiwi kuwa halali.

Yote hayo yamo katika mistari michache: nani atakupokea, nani anasamehewa utaratibu, na dhuluma ipi haikubaliki. Mfanyabiashara aliyesikia hayo akiwa Aden alishuka Mogadishu macho wazi.

Zaidi ya miaka 1,200 kabla yake, mtu wa Misri aliyejua Kigiriki, ambaye jina lake halikubaki, aliandika kitabu cha njia za biashara za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, kinachojulikana kama Periplus. Kinafika mpaka soko la Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki. Kinataja mwezi wa kuondoka, bidhaa za kupeleka kama mikuki, shoka na vioo, na za kununua kama pembe za ndovu na magamba ya kasa. Kwa Kiswahili chenyewe, mwaka 1896 Selim bin Abakari alisafiri Urusi hadi Siberia na kuandika aliyoyaona. Habari yake ilichapishwa mwaka 1901 katika mkusanyiko uitwao Safari za Wasuaheli.

Basi sisi tunaovuka Gatuna, Rusumo, Kagitumba, Cyanika, Rusizi na ile Petite Barrière ya Rubavu tumeandika nini? Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la madeni tunalo. Daftari la njia hatuna, na mali inapotea njiani.

Chukua mfano mmoja. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zinavuka kwa cheti rahisi cha uasilia kinachogongwa mhuri pale pale mpakani, bila ushuru wa forodha. Anayebeba maharage au viazi anahusika. Anayebeba viatu vilivyotengenezwa China hahusiki, hata kama amevinunua Kampala. Na cheti hicho hakimwondolei mtu kodi nyingine za ndani. Hayo ni maneno machache tu, yanatosha ukurasa mmoja wa daftari. Asiyeyajua anaweza kumlipa mtu wa kati kwa kazi isiyohitajika, au akaahidiwa msamaha ambao haupo.

Chukua na wa pili. Gatuna ilifungwa Februari 2019, ikafunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Karibu miaka mitatu. Aliyekuwa ameandika bei, nauli na tozo za kabla ya kufungwa alikuwa na pa kulinganishia siku ya kwanza. Ambaye hakuandika alibaki na kumbukumbu, na kumbukumbu ya miaka mitatu si kitu cha kubishana nacho dirishani.

Najua jibu la haraka: tuna makundi ya WhatsApp. Tunayo, na yanasaidia kwa habari za leo. Lakini ujumbe wa sauti wa mwezi uliopita uko wapi? Umefunikwa na michango ya harusi, salamu za Ijumaa na vichekesho. Simu ikiibwa, na habari zimekwenda. Ibn Battuta mwenyewe aliporwa baharini huko India, na maandishi aliyoyakusanya Bukhara yakapotea. Kwa hiyo nakala moja haitoshi. Moja ikae kwako, nyingine kwenye ushirika.

Jibu la pili ni zito zaidi: biashara ina siri zake. Kweli, na hakuna anayekutaka umtajie mshindani duka unalonunulia au mteja wako wa Musanze. Hiyo ni mali yako. Lakini tozo ya mpakani si siri ya mfanyabiashara yeyote. Ikifichwa, anayefaidika ni yule anayetoza zaidi ya kilichoandikwa. Mwenzako akikubali leo kulipa kisicho na risiti, kesho utaambiwa ndiyo desturi ya hapa, na utaonyeshwa yeye kuwa ushahidi.

Jibu la tatu ni la wale wasiosoma. Hapa Ibn Battuta anatufaa tena. Kitabu chake hakukiandika kwa mkono wake. Aliporudi Morocco alikisimulia, na karani Ibn Juzayy akaandika, kazi ikakamilika mwaka 1355. Mama aliyevuka mpaka miaka ishirini bila kujua kusoma ana kitabu kizima kichwani. Anachokosa ni karani. Kila ushirika wa wavuka mpaka una mwanachama mmoja anayejua kuandika, au mtoto wake aliye sekondari. Nusu saa kila Jumamosi inatosha.

Kiandikwe nini? Tarehe, mpaka na muda uliosubiri. Kila fedha uliyotoa, ya nini, na kama ulipewa risiti. Karatasi ulizoulizwa. Bei ya kubadilisha fedha siku hiyo, pande zote mbili. Nauli yako na ya mzigo. Majina ya watu si lazima, na mara nyingi si busara. Tarehe ni lazima, maana mambo yanabadilika, na habari isiyo na tarehe inaweza kumpoteza mtu kuliko kutokuwa na habari.

Na lugha ipo. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Jumuiya ikakipokea kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2021. Daftari la Rubavu lililoandikwa kwa Kiswahili litasomeka Goma, Mbarara, Ngara na Busia bila mkalimani.

Vyama vya ushirika vikikusanya kurasa hizo kwa miezi sita, vitakuwa na kitu ambacho havijawahi kupeleka mezani kwa wakubwa wa forodha. Leo tukilalamika tunaulizwa: lini, kiasi gani, mara ngapi? Tunajibu "kila siku", "nyingi", na kikao kinafungwa. Siku tutakapojibu kwa tarehe na tarakimu, itabidi tujibiwe kwa tarehe na tarakimu. Na binti wa Kimironko atapanda basi lake akiwa na kurasa tatu za shangazi yake mkobani, akijua njia kama anavyoijua yule mgeni wa kiti cha pili.

Daftari la kurasa 96 halimshindi mtu anayelipa nauli ya Kampala. Linunue leo, na safari ya wiki hii iwe ukurasa wa kwanza.