Karakana ndogo shambani siyo anasa



Msimu uliopita nilimtembelea mkulima mwenzenu. Mvua imeshanyesha, udongo uko tayari, lakini plau imelala. Ncha imekwisha, fundi yuko mjini. Siku nne zikapotea hivihivi. Siku za kupandia hazirudi, jamani.

Ndiyo maana nasema: kabla hujaongeza ekari, tafuta vifaa vya uhunzi. Usikimbilie fuawe ya dukani. Kichwa cha nyundo ya kilo 5 kilichozamishwa kwenye gogo zito kinatosha kuanzia. Kimo chake kifike kwenye vifundo vya vidole ukisimama mikono imening'inia, la sivyo mgongo utakulaumu. Rimu ya lori iliyokandikwa udongo wa mfinyanzi ndani ndiyo tanuri; bomba jeusi la chuma na feni ndogo ndiyo mivukuto. Ongeza koleo refu, nyundo ya kilo 1, makaa na ndoo ya maji. Springi chakavu za gari zinatoa chuma kizuri cha ncha na visu.

Mawili hayana mzaha. Kipande cha reli kisicho na risiti usikiguse. Na chuma chenye zinki usikitie motoni. Moshi wake ni sumu.

Mtaniuliza, mhunzi wa kijijini je, tumnyang'anye ugali? Hapana. Mlipeni awafundishe, na kazi kubwa mpelekeeni yeye. Changeni kama kikundi, muanze sasa kiangazi, siyo mvua ikishapiga hodi.