Vigae: boksi la bei ndogo laweza kuwa ghali

Fedha za pamba zikishalipwa, kinachofuata katika vijiji vingi vya Simiyu ni ujenzi. Mkulima wa Mkula, wilayani Busega, aliyepaua nyumba yake msimu uliopita, msimu huu huulizia vigae vya sakafu, au marumaru kama wengi wanavyoviita. Swali lake dukani ni moja: boksi shilingi ngapi? Muuzaji hutaja bei, na mazungumzo huishia hapo. Hasara ya wote wawili huanzia hapo.

Boksi si kipimo. Boksi la vigae 12 vya sentimita 40 kwa 40 hutosha mita za mraba 1.92. Boksi la vigae vinne vya 60 kwa 60 hutosha mita za mraba 1.44 tu. Chukua mfano wa chumba cha mita nne kwa nne, ukiongeza asilimia 10 kwa ajili ya vipande vya kukata na vya akiba: zinahitajika mita 17.6. Kama boksi la kwanza ni Sh 30,000 na la pili Sh 26,000, mteja atanunua maboksi 10 kwa Sh 300,000 au maboksi 13 kwa Sh 338,000. Aliyekimbilia boksi la bei ndogo amelipa zaidi.

Tangu viwanda vya Goodwill huko Mkuranga na Keda huko Chalinze vianze uzalishaji katika miaka ya 2010, vigae vya ndani vimekuwa vikishindana na vile vinavyotoka China na India. Hata hivyo, Mkuranga na Chalinze ziko mkoani Pwani, na safari ya lori hadi Kanda ya Ziwa hukaribia au kuzidi kilomita 1,000. Nauli ya boksi bovu ni sawa na ya boksi zuri. Saruji, mchanga na ujira wa fundi navyo havipungui kwa sababu kigae ni hafifu. Kwa mantiki hiyo, tofauti kubwa inayoonekana dukani huwa ndogo sakafu inapokamilika, na kigae kikipasuka gharama zote hizo hurudiwa.

Jambo la msingi ni kujua kigae kinakwenda wapi. Kwa viwango vya kimataifa, poseleni hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Seramiki ya ukutani huweza kunyonya zaidi ya asilimia 10. Kipimo cha dukani ni rahisi: dondosha maji mgongoni mwa kigae. Yakinywewa mara moja, hicho ni cha ukutani, na kukiweka sebuleni au barazani ni kukitafutia kifo. Poseleni inayong'aa nayo haifai bafuni wala barazani panapolowa, kwa kuwa huteleza. Huko kunahitaji kigae chenye uso wa kukwaruza.

Aidha, sehemu kubwa ya Usukuma ina udongo mweusi wa mbuga. Udongo huo huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na hakuna kigae kinachoweza kuushinda. Mwenye nyumba katika eneo hilo atumie fedha kwanza kuondoa udongo huo, kushindilia changarawe na kumwaga zege, ndipo aulizie rangi ya vigae. Fundi naye apake saruji au gundi mgongo mzima wa kigae. Kigae kinacholia mvungu kikigongwa kitavunjika siku kitanda kitakaposogezwa.

Matunzo si ya gharama. Adui mkubwa ni mchanga, ambao ni mgumu kuliko rangi ya juu ya vigae vingi. Kila hatua huukwaruza uso huo. Zulia dogo mlangoni na ufagio wa kila siku huzuia hasara hiyo. Kupiga deki kwa maji na sabuni kidogo kunatosha. Asidi ya kusafishia vyoo ikae mbali, maana hula saruji nyeupe ya kwenye maungio, kisha maji hupenya chini.

Kwa mfanyabiashara wa Mkula au Lamadi, somo ni la mtaji. Duka lenye aina 20 za maboksi matatu matatu hupendeza macho, lakini haliwezi kumaliza sebule ya mteja mmoja. Namba ya rangi iliyoandikwa kwenye boksi hubadilika kati ya uzalishaji mmoja na mwingine, na mzigo wa mwezi ujao huweza kutofautiana na wa leo. Ni heri aina tano zenye maboksi ya kutosha ya namba moja, bei ikiandikwa kwa mita ya mraba, na vya ukutani vikitengwa na vya sakafuni. Mteja naye aondoke na boksi moja la akiba la namba hiyo hiyo.

Mkulima hupata fedha hizi mara moja kwa mwaka. Sakafu yake ikidumu, jirani atakayeiona msimu ujao ataulizia ilikonunuliwa. Ikipasuka, ataulizia pia.