Suala la Ukigeugeu katika Majaribio ya Maunzi ya Mfumo Endeshi

Miongoni mwa wahandisi wanaounda majaribio ya kiotomatiki ya mifumo endeshi kuna desturi moja ambayo makala haya yanaipinga. Jaribio likishindwa leo na kufaulu kesho, ilhali hakuna kilichobadilishwa katika programu, huitwa jaribio kigeugeu. Kisha hupangwa lirudiwe mara tatu, na likifaulu hata mara moja huandikwa kuwa limefaulu. Katika programu za kawaida desturi hiyo ina udhuru wake. Katika majaribio ya maunzi ni kosa la kimsingi, kwani hapo kinachogeuka huenda kikawa ni maunzi yenyewe.

Istilahi nayo imechangia. Neno kigeugeu katika Kiswahili hubeba lawama: ni mtu asiye na msimamo, asiyefaa kuaminiwa. Kulibandika neno hilo kwenye jaribio ni kumhukumu shahidi kabla ya kumsikiliza. Yafaa basi litumike tu pale ambapo kasoro imethibitika kuwamo ndani ya jaribio. Hali nyinginezo ziitwe tokeo lisilo thabiti, mpaka chanzo chake kijulikane.

Chukuliwe mfano wa kuilaza kompyuta na kuiamsha. Jaribio la kawaida katika Linux hutega kengele ya saa ya ubao mama, ile yenye betri yake, huilaza kompyuta, na kengele hiyo huiamsha. Jaribio lililoandikwa kwa haraka husubiri sekunde tano, kisha huangalia kama kadi ya mtandao ipo. Sekunde tano zimetoka wapi? Zilitosha kwenye kompyuta ya aliyeliandika, basi. Kwenye mashine nyingine kadi huchukua sekunde saba, na jaribio hushindwa. Hapo lawama ni ya jaribio kweli, na dawa yake ni kusubiri taarifa ya kifaa chenyewe kwamba kiko tayari, pamoja na kuweka ukomo mrefu wa muda. Lakini ipo siku ambapo kadi haizinduki kabisa, na jaribio linalorudiwa hadi lifaulu halitofautishi siku hizo mbili.

Njia za kuzitofautisha zipo. Tangu mwaka 2011 Linux ina saa ya ndani inayohesabu pia muda wa usingizi, mbali na ile inayosimama kompyuta inapolala. Tofauti ya saa hizo mbili huonyesha kama kompyuta ililala kweli, au ilirudi papo hapo na mfumo ukadai kwamba kazi imefanyika. Aidha, kiini cha mfumo huweka hesabu ya mara ulazaji ulipofaulu na uliposhindikana, pamoja na jina la kifaa kilichokwamisha mara ya mwisho. Kikiwa kimeundwa kwa uwezo huo, huweza pia kuagizwa kikomee njiani, kwa mfano baada ya kusimamisha vifaa tu, kingoje kidogo na kurudi, ili ijulikane hitilafu iko katika hatua ipi.

Hoja ya watetezi wa kurudia si ya kupuuzwa. Mkusanyiko wa majaribio 200, kila moja likishindwa bila sababu mara 1 katika 100, utapita wote bila doa takriban mara 13 tu katika kila 100. Watu huchoka, na hatimaye huacha kuyasoma matokeo. Hata hivyo, hesabu hiyo hiyo huwageukia. Kifaa kinachokataa kuamka mara 1 katika 10, kikipewa nafasi tatu na kutakiwa kufaulu mara moja, kitaonekana kibovu mara 1 katika 1,000. Mwenye kompyuta hapewi nafasi tatu. Kazi ambayo hakuihifadhi imekwisha kupotea mara ya kwanza. Kurudia kunafaa pale ambapo lengo ni kupima kiwango cha hitilafu, na kila tokeo linaandikwa.

Upande wa pili wa suala hili ni hitilafu isiyogeuka kamwe lakini isiyokutwa kwa kubahatisha. Mwaka 1994 Thomas Nicely, mwanahisabati wa Marekani, alibainisha kwamba prosesa ya Pentium ya Intel ilikosea kugawanya baadhi ya namba. Chanzo kilikuwa nafasi tano za jedwali la ndani zilizokosa thamani zake. Intel ilikadiria kwamba kosa lingejitokeza mara 1 katika migawanyo bilioni 9 ya namba za nasibu. Majaribio elfu kumi ya nasibu yangefaulu yote, karibu kwa hakika. Linux iliwekewa jaribio fupi la wakati wa kuwaka: igawanye 4,195,835 kwa 3,145,727, izidishe jibu kwa kigawanyo, kisha itoe zao hilo kwenye namba ya kwanza. Prosesa nzima ilitoa 0, yenye kasoro ilitoa 256. Aliyeliandika alijua mapema jinsi litakavyoshindwa. Ni majaribio mangapi ya ulazaji yaliyowahi kuendeshwa juu ya kiendeshi kilichoharibiwa makusudi, ili ionekane kama yanaweza kushindwa?

Limebaki suala la kuandika matokeo. Majaribio yanayoambatana na kiini cha Linux hutumia namba 0 kwa kufaulu, 1 kwa kushindwa na 4 kwa jaribio lililorukwa, kwa mfano pale ambapo kifaa kinachohitajika hakipo. Tokeo lisilo thabiti halina namba yake humo. Lipewe, na kando yake iandikwe idadi ya mara lilizoshindwa na idadi ya mara lilizoendeshwa.