Uhuru wa Kumfunga Mwenzako si Uhuru

Wako wataalamu wanaohubiri kwamba leseni bora ya programu za kompyuta ni ile isiyomdai mpokeaji wajibu wowote. Leseni ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ile ya MIT humruhusu kila mtu kuitumia programu, kuibadili na kuiuza, mradi tu asilifute jina la mtunzi. Maneno hayo ni matamu. Lakini hatuna budi kuuliza: uhuru huo ni wa nani?

Tuitazame MINIX. Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam, Uholanzi, aliitoa mwaka 1987 ili kufundishia wanafunzi jinsi kompyuta inavyoendeshwa. Mwaka 2000 ikawekwa chini ya leseni ya Berkeley. Kampuni ya Intel ikaichukua, ikaibadili, na tangu mwaka 2015 ikaipachika ndani ya chipu zake, katika sehemu ya siri inayosimamia mashine nzima. Habari hiyo ilienea mwaka 2017. Profesa akaandika barua ya wazi, akaeleza kwamba hakuwa ameambiwa kuwa kazi yake imesambazwa kiasi hicho. Sheria haikuvunjwa hata moja. Na hapo ndipo penye ubaya! Zawadi ya mwalimu kwa wanafunzi imegeuka sanduku lililofungwa, ambalo mwenye kompyuta hawezi kulisoma, kulisahihisha wala kuliondoa na kuweka lake.

Richard Stallman alikwisha kuiona hatari hiyo. Leseni yake ya GPL ya mwaka 1989 humlazimisha anayesambaza programu kutoa pia maandishi yake asilia. Hata hivyo kampuni ya TiVo ilitoa maandishi hayo, kisha ikaunda mashine zinazokataa programu iliyobadilishwa na mnunuzi. Ndiyo maana leseni hiyo ilirekebishwa mwaka 2007.

Somo liko wazi. Leseni fupi za Berkeley na MIT zibaki fupi, lakini ziongezewe sharti moja: anayeuza chombo chenye programu hii amwachie mwenye chombo uwezo wa kuisoma, kuibadili na kuirudisha ndani ifanye kazi. Programu nyingine ambazo kampuni imezitunga yenyewe zibaki mali yake.

Tutaambiwa kwamba makampuni yatakimbia. Si kweli. Linux imefungwa na masharti ya GPL, na Intel hiyo hiyo ni miongoni mwa wachangiaji wake wakubwa.

Yaliyokwisha kutolewa hayarudishwi. Matoleo mapya yanaweza kulindwa. Kwa hiyo mwalimu anayetunga programu kwa ajili ya darasa lake, na mtumishi wa umma anayesimamia utungaji wa programu ya ofisi, waisome leseni kabla ya kuitia sahihi. Kutoa ni moyo. Lakini anayechimba kisima kwa ajili ya kijiji kizima hana sababu ya kumkabidhi mpita njia kufuli.