Msalaba Ukutani Hautoshi



Hapa Kiwanja, kama kwingineko katika jimbo letu la Goma, husemwa kwamba shule ikiwa ya Kikatoliki, basi ni nzuri. Wazee wetu walikuwa na sababu ya kuamini hivyo, kwa maana waliona shule za misheni zikilea watu wa kutegemewa. Jina jema hung'aa gizani, walisema wahenga. Lakini jina hilo tumerithi, nasi tunalitumia kama mrithi atumiaye mali asiyoichuma. Tunathubutu kusema wazi: shule ambayo mtoto hufika darasa la nne bila kuweza kusoma barua ya mama yake haistahili jina la Kikatoliki, hata kama msalaba umetundikwa katika kila chumba.

Kanisa lenyewe ndilo linalosema hivyo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 806, inawadai wakuu wa shule za Kikatoliki wahakikishe kwamba mafundisho yao hayapungui yale ya shule nyingine za eneo hilo. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la tarehe 28 Oktoba 1965, ulizitaka shule hizi ziwajali hasa maskini, watoto waliokosa msaada na upendo wa familia, na hata wasioshiriki imani yetu. Basi tunayo mizani mbili: ubora wa mafundisho, na nafasi anayopewa mtoto mnyonge kuliko wote.

Tuanze na mafundisho. Somo la dakika 30 katika darasa la watoto 80 humwachia kila mtoto chini ya nusu dakika ya jicho la mwalimu. Hapo ndipo huzaliwa desturi ya kuimba kwa sauti moja maneno ya ubaoni. Mgeni apitaye nje husikia watoto wakijibu kwa nguvu, akasifu. Lakini mwondoe mmoja wao katika kundi, umpe sentensi mpya, uone. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, nayo ndiyo lugha wanayochezea watoto wetu. Asiyefundishwa kwanza kusoma kwa lugha anayoielewa, atakariri Kifaransa kama kasuku.

Sasa malezi. Mji huu umeona mengi. Mwezi Novemba 2008 watu wapatao 150 waliuawa hapa. Mwaka 2012, na tena Oktoba 2022, vita vilirudi, watu wakakimbia, madarasa mengi ya mkoa wetu yakawa malazi ya wakimbizi. Mtoto anayesinzia darasani pengine hakulala usiku kwa hofu. Anayepiga wenzake pengine ameona watu wazima wakifanya mabaya zaidi. Kumjibu huyo kwa fimbo na matusi ni kuingiza vita ndani ya ua wa shule. Na msichana anayekosa choo chenye mlango, akabaki nyumbani, naye amefukuzwa, ingawa hakuna aliyetamka neno hilo.

Liko pia jambo la fedha. Katiba ya mwaka 2006 inasema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Shule zetu, kwa mkataba wa mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa, zimo ndani ya mfumo huo wa umma. Hata hivyo, tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba malipo ya walimu, mpaka Serikali ilipotangaza elimu bure mnamo Septemba 2019. Madarasa yakafurika, lakini mishahara haikumfikia kila mwalimu. Dhuluma hiyo ni ya kweli, nasi tunasimama na walimu wetu. Lakini deni la Serikali halilipwi na mwana wa mjane. Pale ambapo michango hurudi kwa jina jipya, na mtoto akasimamishwa mbele ya wenzake kwa sababu hakuileta, yeye ndiye anayelipishwa kosa la wakubwa.

Tutaambiwa: «Wakati wa vita shukuruni kwamba mlango uko wazi.» Tunashukuru. Lakini vita havimzuii mwalimu kumwita mtoto kwa jina lake, wala havimzuii mkurugenzi kuwasomea wazazi hesabu ya fedha. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, aliuawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa rushwa ili chakula kilichooza kisiwafikie watu. Huyo huyo aliwatumikia maibobo, watoto wa barabarani, katika Shule ya Amani. Hakungoja amani ndipo awajali. Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025. Haifai kuvaa picha yake kifuani huku tukinyamazia elimu iliyooza.

Kanuni ya 800 inawataka waamini wote wazisaidie shule hizi kadiri ya uwezo wao. Basi kila kikundi cha vijana kichague shule moja ya parokia. Tuombe ruhusa kwa paroko na mkurugenzi, tukawasomeshe watoto wanaobaki nyuma, Jumatano na Jumamosi mchana, kumi kumi, kwa Kiswahili. Katika mikutano ya wazazi tuulize kwa heshima: ni watoto wangapi wameacha shule mwaka huu, na kwa nini? Jibu likikosekana, tuwatafute watoto hao sisi wenyewe, shirika kwa shirika, nyumba kwa nyumba, kabla ya muhula ujao kuanza.