Nyota ya nani inasafishwa?



Wapendwa taifa la Mungu, baada ya Misa ya Dominika iliyopita kijana mmoja wa parokia yetu alinionyesha kwenye simu yake picha za hekalu la Thirunallar, kusini mwa India. Umati wa Wahindu ulikuwa ukioga katika bwawa lake. "Padre, hawa wanaabudu sayari!" akasema, akacheka. Mimi sikucheka.

Hekalu hilo ni la mungu Shiva, lakini limepata umaarufu kwa sababu ya Shani, yaani sayari tuiitayo Zohali. Masimulizi yao yasema kwamba mfalme Nala, aliyeandamwa na Shani hata akapoteza ufalme wake katika kamari, alioga hapo akafunguliwa. Zohali hulizunguka jua kwa takribani miaka 29 na nusu. Hivyo hukaa katika kila buruji, kati ya buruji 12, kama miaka miwili na nusu. Kila ihamapo, mahujaji hufurika Thirunallar wakiomba mikosi iwaondokee.

Sasa tuulizane sisi wa Bunju. Ni nani asiyeona, kando ya Barabara ya Bagamoyo, vibao vya waganga wanaotangaza kusafisha nyota? Wateja wao ni akina nani? Je, ni Wahindu wanaosali katika mahekalu ya Kisutu? La hasha! Ni sisi tuliobatizwa, tena wenye rozari shingoni. Mama mmoja, ambaye ameniruhusu niseme haya bila kumtaja, alimpa mganga ada ya bintiye ili nyota ya binti ing'ae. Binti akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Hujaji wa Thirunallar huoga mchana, mbele ya watu, kwa imani aliyorithi kwa wazazi wake. Sisi twaenda usiku, tukijificha hata kwa katekista. Nani astahiliye kuchekwa? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, ulitufundisha kutokukataa lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Haukuturuhusu kuuza imani yetu kwa mganga.

Wapo wajiteteao kwamba unajimu ni elimu ya kale. Mtakatifu Augustino naye aliwaamini wanajimu ujanani mwake, hata aliposikia habari za Firminus: mtoto wa tajiri na mtoto wa mtumwa walizaliwa saa ileile, chini ya nyota zilezile. Mmoja alikua katika utajiri, mwingine akabaki mtumwa. Basi nyota ziliamua nini? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, yakataa waziwazi mambo hayo. Na ninyi mnaoniomba maji ya baraka ili kumshinda jirani katika biashara, mnataka sakramentali au hirizi?

Mamajusi walisoma nyota. Iliwafikisha kwa Mtoto Yesu; walipokwisha kumsujudia, wakarudi kwao kwa njia nyingine. Wewe uliyezoea njia ya mganga, rudi kwa njia nyingine: njia ya Kitubio. Na ada ya mtoto ipelekwe shuleni.

Nawatakia Dominika njema.